Manifoldi ya tangi la samaki: PVC, PPR ama hosi, na kama kweli unaihitaji

Kama una tangi moja dogo na filta ya ndani huhitaji manifoldi, hiyo pesa weka kwa chakula na taa. Lakini ukishaweka sampu (tangi la chini la kuchujia maji) chini ya kabati, ukaongeza UV (taa ya kuua mwani) juu maji yanageuka kijani jua la Januari likianza kuwaka, ukaongeza chombo cha midia (vitu vya kuchujia maji), na bado unataka katangi ka vifaranga pembeni, kila kimoja kinadai maji yake. Hapo lazima uchague: kila kimoja kipewe pampu yake ndogo, ama uchukue pampu moja yenye nguvu uiwekee paipu ya matawi, kila tawi na valvu yake. Hiyo paipu ya matawi ndiyo manifoldi, na ukiamua kuijenga swali la pili linakuja hapo hapo, ujenge na PVC (paipu ya plastiki ya kubandika na gundi), na PPR (paipu ya plastiki ya kuunganishwa kwa moto) ama na hosi tu. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa nyumba nyingi za Nairobi manifoldi ya PVC yenye yunioni (jointi ya nati inayofunguka) ndiyo inashinda, na sababu kubwa si bei, ni kwamba unaweza kuifungua mwenyewe kwa mkono saa tano usiku bila kungoja fundi. Kuna hali mbili tatu ambapo nitakwambia uachane nayo, tutafika.

Pampu moja ama pampu nyingi

Hili watu wengi wanaliruka wanakimbilia hadiwea, na ndilo linaamua kila kitu kingine. Tuseme tangi ni la lita 240 na una vifaa vinne. Pampu nne ndogo zikila jumla ya wati 45, hizo ni yuniti kama 32 kwa mwezi juu zinatembea mchana na usiku. Pampu moja ya DC ya wati 30 inakula kama 22. Tofauti ni yuniti kumi hivi za tokeni, si kidogo lakini pia si sababu tosha peke yake ya kubomoa kila kitu. Sababu yenyewe iko kwa waya. Pampu nne ni waya nne zinatoka ndani ya maji zinaingia kwa ekstensheni moja nyuma ya kabati lenye unyevu, na kila waya ni njia ya maji kuteremka mpaka kwa soketi kama hukuiacha ining'inie chini kidogo kabla haijapanda kwa plagi. Pampu moja, waya moja, unaiona na unaichunga.

Halafu kuna stima kupotea, na hapa pampu moja inashinda wazi. Betri ya volti 12 ya 100Ah, ukiitumia nusu tu ili usiiue, inakupa kama 600Wh, na ukitoa zile zinazoliwa na inveta bado unasukuma pampu ya wati 30 kwa masaa karibu 15. Hiyo si anasa hapa kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji yetu yanashika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na ya Mombasa yenye joto sawa. Tangi lililojaa samaki wa Malawi likikaa bila maji kusukumwa usiku mzima unaweza kuamka ukute wamepanda juu wanahema.

Pampu nyingi zinashinda kwa jambo moja tu lakini ni jambo zito: moja ikifa zingine zinaendelea. Manifoldi ikipoteza pampu imepoteza kila kitu kwa mpigo. Kwa hivyo ukienda njia ya pampu moja, weka pampu ya akiba kwa droo ama angalau kale kapampu ka hewa ka betri, na usiseme utanunua mwisho wa mwezi, nunua siku hiyo hiyo.

Hesabu yangu ni hii: vifaa viwili ama kimoja, tumia pampu ndogo ukae na amani. Vikifika vitatu, jenga manifoldi. Na kama kifaa ama tangi moja liko chumba kingine, hilo lipe pampu yake, usilivutie paipu ya mita sita kupitia mlangoni. Wa maji ya chumvi pia, skimma (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) inakuja na pampu yake iliyopangwa kwa ajili yake, iache hivyo.

PPR: fundi ataisifu, na ana haki kiasi

Ita fundi yeyote wa maji hapa Umoja ama Donholm umwambie unataka paipu yenye matawi manne, atakwambia PPR kabla hujamaliza sentensi. Flati nyingi mpya zimepigwa PPR, mashine ya kuchomea anayo kwa begi, na ukweli ni kwamba jointi ya PPR iliyochomwa vizuri haivuji, paipu na fiting zinakuwa kitu kimoja. Mashine inawekwa nyuzi 260, paipu ya milimita 25 inakaa kwa moto sekunde 7, inaingizwa moja kwa moja bila kuzungushwa, basi. Hakuna gundi, hakuna harufu, na jioni hiyo hiyo unaweka maji. Ukitaka kazi iishe siku moja, na huna mpango wa kubadilisha kitu, na fundi unamwamini, PPR ni nzuri.

Shida ya kwanza ni pale PPR inapokutana na kitu kingine. Chukua adapta ya PPR yenye thredi, ile ya kuzungushwa kwa valvu, iinue kwa mwanga uchungulie ndani. Plastiki ni ya kijani ama nyeupe, lakini kwa mdomo kuna pete ya chuma imekaa ndani ya plastiki, imepakwa rangi ya fedha kwa juu, na ukikwaruza na ncha ya kisu unaona njano chini yake. Hiyo ni brasi, yaani shaba na zinki zimechanganywa. Kwa bomba la jikoni haina neno kabisa. Kwa tangi ambalo maji yale yale yanapita hapo mara elfu ni habari nyingine, juu shaba kwa kiasi kidogo sana inaua uduvi na konokono, na maji ya mfereji ya Nairobi, haya yanatoka Ndakaini na Sasumua, ni laini, na maji laini yanamumunya shaba kuliko maji magumu. Kwa maji ya chumvi usijaribu kabisa. Stopu valvu nyingi za PPR nazo zina brasi ndani, hata ile boli yenyewe, lile tufe la ndani linalofunga maji, unakuta ni brasi iliyopakwa kromu. Yunioni za PPR pia nyingi ni hivyo. Zipo za plastiki tupu lakini lazima uulize, ufungue, uangalie kwa macho yako, usikubali neno la mwenye duka pekee.

Shida ya pili wachache wanaiongelea na kwangu ndiyo kubwa. Saizi ya PPR inapimwa nje, na ukuta wake ni mnene juu imetengenezwa kwa presha ya maji ya nyumba. PPR ya PN20 (PN ni daraja la presha) ya milimita 32 ina tundu la milimita 21.2 tu ndani. Ya 25 ina 16.6. Ya 20 ina 13.2. Sasa linganisha na PVC ya presha ya milimita 32 ya PN10: ukuta ni 1.6, tundu ni 28.8. Paipu mbili zinaitwa thelathini na mbili lakini moja ina nafasi ya maji karibu mara mbili ya nyingine. Pampu ya tangi si pampu ya kisima, haina presha ya kuchezea, kila kubana unalipia. Na fundi akizidisha sekunde kwa moto plastiki inayeyuka inafanya ukingo ndani ya jointi, huioni kwa nje, na tundu dogo linakuwa dogo zaidi.

Ya tatu: ikishachomwa imechomwa. Unataka kuongeza tawi moja mwaka ujao? Unakata, unarudisha fundi na mashine, na hapo chini ya kabati hakuna nafasi ya kuingiza mashine yenye moto wa nyuzi 260 karibu na kioo.

PVC: kazi ya mkono wako

PVC inataka msumeno, karatasi ya msasa, kitambaa na gundi, ile kila mtu anaita Tangit hata kama kopo ni la kampuni nyingine. Unakata mraba, unasugua, unafuta vumbi, unapaka pande zote mbili, unasukuma huku ukizungusha robo, unashikilia nusu dakika bila kuachilia juu inapenda kurudi nyuma yenyewe. Fungua dirisha, hiyo harufu si ya mchezo. Halafu unangoja masaa 24 kabla ya maji. Kungoja ndio gharama ya PVC, na ukishindwa kungoja utapata matone.

Faida yake inaonekana baadaye. Weka yunioni moja baada ya pampu na moja kwa kila tawi, na siku UV imeziba unafunga valvu, unazungusha ile nati kubwa ya plastiki kwa mkono, kifaa kinatoka na maji yanayomwagika ni ya kikombe. Ndani ya yunioni kuna o-ringi nyeusi, pete ya mpira, imekaa kwa mfereji wake, ipake grisi ya silikoni kidogo, isipindwe, na usikaze nati na spana. Ukikaza sana o-ringi inabanwa inatoka kwa mfereji na hapo ndipo inaanza kudondosha, halafu mtu anakaza zaidi, inadondosha zaidi.

Mahali PVC inasumbua ni dukani. Sokoni kuna paipu za inchi na za milimita zinauzwa bega kwa bega, na inchi moja ya mtindo wa zamani wa Kiingereza ni milimita 33.5 nje wakati ya milimita ni 32, kwa hivyo soketi ya moja inacheza kwa nyingine ama haiingii kabisa. Muuzaji atakwambia ni sawa tu, weka gundi nyingi. Si sawa. Kama unanunua Nyamakima ama River Road tembea na kipande cha paipu mkononi, jaribu kila tii na kila elbo kikavu hapo hapo kwa kaunta, inafaa kuingia mpaka theluthi mbili hivi halafu ianze kukaza. Na nunua vyote duka moja ukiweza. Usikubali paipu ya waya za stima, ile nyembamba, eti ni PVC pia. Ni PVC ndiyo, lakini haikutengenezwa kubeba maji yenye presha. Paipu ya maji machafu nayo iache kwa ovafloo inayoteremka, huko inafanya kazi vizuri kabisa, lakini upande wa pampu hapana.

Hosi: usiidharau

Kama umepanga na unajua mwaka ujao unaweza kuhama kutoka Roysambu uende Embakasi, hosi ndiyo jibu lako, sijali mtu anasema nini kuhusu urembo. Inakunjwa, inabebwa, haitaki fundi wala gundi, na haipitishi mtetemo wa pampu kwa kabati, kwa hivyo usiku ni kimya. Unanunua kale kagawanyo ka plastiki ka matawi manne ka bustani, unafunga na klipu za stenlesi, umemaliza.

Mapungufu ni matatu. Ile ya kuona ndani inaota mwani, baada ya miezi michache ina utando wa kijani unaobana maji, kwa hivyo chukua nyeusi ama ile nene ya rangi. Inapinda ikipigwa kona kali na hapo maji yanakatika. Na kila pahali inaingia kwa fiting ya meno, tundu la fiting ni dogo kuliko la hosi, ukiwa na fiting nane umebana mara nane. Klipu nazo zikazwe tena baada ya wiki, mpira unalegea. Halafu hata anayejenga PVC namshauri aweke kipande cha hosi cha sentimita 20 kati ya pampu na paipu, hicho kipande peke yake kinaua kelele nusu.

Valvu na saizi

Bolvalvu inafunga kwa robo ya mzunguko, ni rahisi kupata, na kwa kufungua na kufunga kabisa haina mpinzani. Kwa kupima maji kidogo kidogo inachosha, unaigusa kidogo tu maji yanaruka kutoka mengi hadi hakuna. Geti valvu inazungushwa mara nyingi na inakupa ule usahihi, lakini za hadiwea karibu zote ni brasi na za plastiki ni ngumu kupata hapa na bei si ya huruma. Kwa hivyo nunua bolvalvu za PVC kwa matawi yote, na kama pesa ipo geti valvu moja ya plastiki weka kwa paipu kubwa inayorudisha maji kwa tangi. Hiyo moja ndiyo inaongoza zote: ukiibana kidogo presha inapanda kwa manifoldi na matawi yanapata zaidi, ukiifungua yanapungua.

Kwa saizi, jumlisha unachotaka. Kurudisha maji kwa tangi la lita 240 mara tano kwa saa ni lita 1,200. UV mpe 600, chombo cha midia 200, tangi la vifaranga 300. Jumla lita 2,300 kwa saa. Kwa PVC ya 32 hayo maji yanakimbia kama mita 1 kwa sekunde, tulivu. Kwa PPR ya 32 ni mita 1.8, na kwa PPR ya 25 karibu mita 3 kwa sekunde, hapo pampu inalia na sehemu kubwa ya nguvu yake inaishia kusugua ukuta wa paipu. Kumbuka pia namba iliyoandikwa kwa boksi ya pampu ni ya bila kupanda juu, ukiinua maji mita moja na nusu nyingi zinabaki na nusu hivi. Angalia ule mchoro wa nyuma ya boksi, si maandishi makubwa ya mbele.

Stima ikipotea

Hii haijali umechagua paipu gani. Pampu ikizima maji ya tangi yanarudi chini kupitia paipu ile ile mpaka mdomo wa paipu uvute hewa. Tangi la sentimita 120 kwa 45 likishuka sentimita 3 tu zimekuja lita 16 kwa sampu. Likishuka 10 ni lita 54 na sasa zinaingia kwa kapeti na kwa jirani wa chini. Kuna wanaoweka valvu ya kuzuia maji kurudi, na kuna wanaotoboa katundu ka milimita 6 kwa paipu chini kidogo ya uso wa maji kavute hewa. Mimi niko na katundu, na zaidi ya katundu niko na kuweka mdomo wa paipu juu karibu na uso wa maji tangu mwanzo, hiyo pia inatikisa uso na kuingiza ile oksijeni tunayoikosa. Valvu ya kuzuia inashikwa na konokono mdogo mmoja ama punje ya mchanga ikabaki wazi, na hutajua mpaka siku stima imeenda. Ukiitumia iwe ya pili, si ya kwanza. Katundu nako kasafishwe, mwani unapenda kukaziba.

Sasa uchukue ipi

Umepanga na vifaa ni viwili: pampu ndogo mbili, hosi, maliza. Umepanga lakini utakaa na vifaa ni vitatu kwenda juu: PVC ya 32 kwa mgongo wa manifoldi, imefungwa kwa kabati na si kwa ukuta wa landilodi, matawi ya hosi kutoka kwa valvu, hivyo ukihama unabeba manifoldi nzima kama ilivyo. Nyumba ni yako, Ruai ama kwingine, na tangi ni kubwa limejengewa ukutani na paipu inatembea mita kadhaa hadi chumba cha pampu: hapo PPR ya 40 ama zaidi kwa ile safari ndefu ina maana, mradi fiting zote ziwe za plastiki tupu, halafu ukifika kabatini uendelee na PVC kwa kupitia kipande cha hosi nene, juu PVC na PPR hazishikani kwa gundi yoyote.

Kwa njia zote hizo acha tawi moja la ziada mwishoni lenye valvu na kifuniko. Leo utalitumia kubadilisha maji, unavalisha hosipaipu, unafungua, na pampu yenyewe inayatoa mpaka kwa ndoo ama kwa sukuma wiki za balkoni kama ni maji baridi, chunga tu pampu isibaki kavu. Wiki za mgao hiyo ni raha sana, hakuna lita inaenda bure. Kesho litabeba kifaa ambacho bado hujakifikiria.

Ukimaliza kufunga jaza maji matupu bila samaki, zungushia kila jointi karatasi ya tishu kavu, washa pampu ulale. Asubuhi jointi yenye shida inajulikana kwa tishu iliyolowa. Halafu pima kila tawi kwa jagi la lita 10 na saa ya simu: likijaa kwa sekunde 60 hilo tawi linatoa lita 600 kwa saa, likijaa kwa 120 ni 300. Andika namba kwa masking tepu ubandike juu ya valvu, na upime tena baada ya miezi mitatu, namba iliyoshuka itakwambia ni tawi gani limeanza kuziba.